Mzee wa Kanda, mwache mpwa wangu

Kirumba, Mwanza

Mzee wa Kanda,

Mwangaluka. Natumaini huko Nansio hamjambo, shemeji na watoto wazima, na ule upepo wa juzi haukuezua bati la mtu. Huku tuko salama, ila sato wamepanda bei mpaka mama watoto ameanza kusifia dagaa.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu ule ujumbe wako wa sauti nikiujibu kwa sauti tutagombana. Umesema mpwa wangu ni shabiki wa tamthilia, ameijua Metallica, ile bendi ya metali ya Marekani, kwa kuangalia televisheni, na kwamba bendi ilikuwa na maana enzi ilipokuwa yetu, sasa imekuwa ya kila mtu. Kijana alikuwa amekaa pembeni yangu ujumbe unalia. Alisikia yote. Hakusema kitu, alivuta gitaa akaendelea na mazoezi, lakini mimi nimeshindwa kunyamaza.

Tuanze na hiyo tamthilia. Mwaka 2022 Stranger Things ilionyesha kijana amepanda juu ya paa anapiga "Master of Puppets" huku mazimwi yanamjia, na watoto dunia nzima wakaanza kuutafuta wimbo. Wimbo wenyewe ni wa Metallica, wa 1986. Una zaidi ya dakika 8. Waliokwenda kuutafuta waliukuta ule ule, hakuna aliyeuongezea kinanda, hakuna aliyeulainisha. Pamoja na hayo washabiki wa zamani walilalamika, mpaka bendi yenyewe ikabidi itamke hadharani kwamba kila mtu anakaribishwa, awe amefika jana au miaka arobaini iliyopita. Hapo ndipo ninapokushika, kaka. Miaka yote tumeambiana kwamba kinachotuuma ni bendi kulainisha muziki ili ipendwe na wengi. Haya, huu haujaguswa hata nukta, na bado umeumia. Basi tafuta donda liko wapi, kwenye wimbo halipo.

Sasa nije kwako, maana jina la Mzee wa Kanda hukupewa bure. Ile kanda aliyokuja nayo kaka yako kutoka Nairobi, akapita nayo mpakani Sirari ndani ya mfuko wa nguo, ilikuwa kanda gani? Haikuwa na jalada. Ilikuwa ya kurekodiwa dukani, jina limeandikwa kwa kalamu ya bluu, na wimbo wa mwisho ulikatika kabla haujaisha, kikafuata kipande cha rumba kilichobaki humo tangu zamani. Ilikuwa ile ya 1991, albamu waliyoipa jina la bendi yenyewe, ambayo watu huiita albamu nyeusi. Wewe uliingilia hapo. Mimi niliingilia hapo. Mtaa mzima ule uliotucheka ulikuwa unatusikia tukiirudia rudia hapo.

Na wakati sisi tunaona tumefunuliwa siri, kule Marekani watu waliokuwa na bendi tangu Kill 'Em All ya 1983 walikuwa wanailia msiba. Kwao albamu yetu ndiyo ilikuwa usaliti. Bob Rock, prodyuza aliyetoka kuwatengenezea Mötley Crüe albamu, bendi ya nywele za kupuliziwa na wanja machoni, ndiye aliyeitwa kuwatengeneza Metallica! Nyimbo zimefupishwa, mwendo umepunguzwa, kuna wimbo wa mapenzi wenye fidla. Wengine walizima redio hapo, hawakurudi tena.

Tena wao hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1984, albamu ya pili tu, bendi ilipoweka "Fade to Black" inayoanza na gitaa la kawaida lisilo la umeme, kuna walioshtuka wakasema vijana wameshalegea. Miaka yote ya mwanzo bendi ilijisifu haitengenezi video, halafu 1989 ikatoa video ya "One", wengine wakatoka. 1991 wakatoka wale niliokutajia. Mwaka 1996 ikaja Load, jamaa wamenyoa nywele, na wewe ukatoka. Nakumbuka ulivyokasirishwa na picha ile ya nywele fupi, ukaigeuza jalada ndani nje. Angalia vizuri mpangilio huo. Kila mtu anasema bendi iliharibika albamu moja baada ya yeye kuingia. Hakuna hata mmoja anayesema iliharibika albamu iliyomwingiza yeye.

Load nami siipendi sana, usidhani nakuzunguka. Ina karibu dakika 80, na nyimbo ni nyingi kuliko mawazo. Hiyo ni hoja ya muziki, nakupa mkono. Ila wewe hoja yako ilikuwa nywele, na nywele hazipigi gitaa.

Ninachotaka ukisikilize kwa utulivu ni hili la kurahisisha, kwa sababu wewe hushiki gitaa na mimi nalishika. Chukua ...And Justice for All ya 1988. Nyimbo zina kona juu ya kona, ule wenye jina la albamu unakaribia dakika 10, na besi ya Jason Newsted imefukiwa mpaka unajiuliza alikuja studio kufanya nini. (Maskini, alikuja kuziba nafasi ya Cliff Burton aliyekufa Septemba 1986 basi lao lilipopinduka Sweden. Nadhani hakuna kazi ngumu kama hiyo duniani.) Kirk Hammett, mpiga gitaa la solo, amesimulia kwamba walipokuwa wanapiga wimbo ule jukwaani waliona nyuso za watu zinachoka katikati. Wao wenyewe walikuwa wamechoka. Hakuna tajiri aliyekuja na fedha kuwaambia wafupishe. Waliziona nyuso.

Ndipo Bob Rock, yule prodyuza, akawafanyia mambo ambayo hata mpiga muziki wa dansi wa hapa angeyaelewa. Aliwakalisha studio Los Angeles wapige pamoja, wote wanne, badala ya kila mtu kurekodi kipande chake peke yake. Akawauliza kwa nini kila wimbo unakaa kwenye sauti ya E, wakasema si ndiyo ya chini kabisa ya gitaa? Akawaambia nyuzi zinalegezwa. "Sad but True" ikashushwa mpaka D, na uzito unaousikia tumboni pale unatoka hapo, kwenye nyuzi zilizolegezwa na nafasi iliyoachwa wazi kati ya pigo na pigo. Kwenye "Enter Sandman", Hammett alikuja na pigo lake limekamilika, Lars Ulrich, mpiga ngoma, akamwambia ile sehemu ya mwanzo irudiwe mara tatu ndipo mkia wake ufuate. Basi. Badiliko dogo hilo ndilo lililobeba albamu nzima. Walianza Oktoba 1990 wakamaliza katikati ya 1991, wakachanganya sauti zaidi ya mara moja, gharama ikagusa dola milioni 1. Mtu anayetaka kuuza haraka hahangaiki hivyo.

Na ule wimbo wa fidla uliowaudhi watu, "Nothing Else Matters", James Hetfield, mwimbaji wao, aliupata akiwa kwenye simu na mpenzi wake, mkono mmoja umeshika simu na mwingine unachezea nyuzi tupu. Hakukusudia bendi iusikie. Wimbo ambao watu husema ulitungwa kwa ajili ya soko ulikuwa wa faragha kuliko zote! Leo mpiga solo wa kwaya ya kanisani kwetu akitaka kujua kama gitaa lake limekaa sawa, anapapasa nyuzi zile zile kabla ya ibada, na kina mama wanadhani ni pambio jipya.

Kwenye gitaa mpwa wangu naye alianza kujifunza na wimbo huo, maana nyuzi tupu zinamsaidia mwanafunzi, vidole havitaabiki. Aliushika upesi. Nilipompa "Sad but True" nikamwona anatota jasho. Mapigo ni machache, mtoto yeyote anaweza kuyahesabu, lakini kuyaweka mahali pake bila kukimbilia ndiko kunakomshinda mpaka leo. Anataka kujaza nafasi. Nyimbo ndefu za 1988 zinamsamehe, kwa sababu akikosea kona moja inakuja nyingine haraka. Hii haimsamehi.

Yapo unayolia kwa haki, sitakudanganya. Ulipovaa fulana ya Metallica hapa mjini miaka ile, mtu aliyekusimamisha Makoroboi kukuuliza kuhusu fulana hiyo alikuwa ndugu yako papo hapo. Mlikuwa wachache, mnajuana kwa macho. Sasa fulana hizo zinafunguliwa kwenye marobota ya mitumba Mlango Mmoja, zinaanguka mabegani mwa mtu yeyote. Unakumbuka yule mbeba mizigo wa mwaloni mwenye fulana ya radi, ulivyomkimbilia kwa furaha, naye akakuambia anajua ni kampuni ya betri za magari? Ulirudi umenuna siku nzima. Kile kimepotea kweli na hakirudi, hata bendi ingerudia kupiga kama 1983. Lakini yule mbeba mizigo hakukunyang'anya. Yeye alinunua fulana.

Nami nakuuliza: mzee wako, yule aliyekuwa hapitishi siku bila kutaja bendi ya dansi ya Sikinde, si ndiye aliyetukemea kwamba muziki ulikufa siku bendi zilipoanza kupunguza tarumbeta na kuweka kinanda? Tulimcheka nyuma ya nyumba. Alikuwa na haki kuhusu tarumbeta, mimi nazitamani mpaka leo. Kuhusu wale vijana waliojaa ukumbini baada ya kinanda kuja, aliwaonea. Walikuja kucheza, wakacheza.

Halafu kuna jambo ambalo sijawahi kukuambia. Metallica yenyewe ilisambazwa na watu wa kurekodiana kanda. Ile kanda yao ya majaribio ya 1982 ilitembea mkono kwa mkono, nchi kwa nchi, wageni wakiwatumia wageni kwa posta. Mwaka 2000 walipoushtaki mtandao wa Napster kwa watu kupeana nyimbo bure, mimi nilicheka peke yangu, maana kanda yako ya Sirari haikuwalipa hata senti. Hata wao, unaona, walisahau walivyoingia.

Kwa hiyo sikuombi uipende Load, wala uangalie tamthilia. Ninachoomba ni umwache kijana. Ameingia kwa Metallica kupitia "Master of Puppets", wimbo mgumu kuliko wetu, tena kwa hiari yake, bila kaka wa kumletea kanda. Akianza kurudi nyuma atafika Ride the Lightning, ile albamu ya 1984, kabla ya Krismasi, na nakuonya kwamba atakuja na maswali utakayoshindwa kuyajibu kwa kufoka.

Moja analo tayari. Anataka kujua kama kweli besi haisikiki kwenye ile albamu ya 1988, au ni redio yako tu iliyokuwa mbovu. Mimi nimemwambia besi haisikiki. Hakuniamini, anasema mwenye redio atoe ushahidi mwenyewe. Panda meli mwisho wa mwezi, uje na kanda. Redio ya kuchezea ninayo, nimeibadilishia mkanda wa ndani na inazunguka vizuri. Na usije mikono mitupu, machungwa ya Ukerewe hapa yamekwisha sokoni.

Msalimie shemeji sana.

Ni mimi,
Fundi Gitaa