Baba, Hakimu ni yule yule

Dresden, Ujerumani

Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzima, na baridi ya huku nimeizoea, baridi ya kwetu Isyonje ilishanifundisha.

Baba, ujumbe wako wa sauti kuhusu viazi nimeusikiliza nikaurudia. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, na yule mnunuzi amekufungia lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, mpaka viazi vya juu vikazuiwa kwa kamba, halafu akalipa bei ya gunia moja. Ukasema, "Namwachia Mungu." Hapo umesimama pazuri. Kaka, anayetaka kwenda kulizuia lile fuso la mnunuzi barabarani, msomeeni Warumi 12: kisasi ni cha Bwana. Kama Mungu hatawali, basi tuokote mawe. Lakini anatawala. Aliitumia Ashuru, taifa lenye nguvu, kuwapiga watu wake, kisha akaiadhibu Ashuru yenyewe kwa majivuno yake. Mtaikuta kwenye Isaya 10. Mwenye fuso naye hajaponyoka mkononi mwa Mungu.

Zaburi ya 96 inasema miti ya mwituni itaimba kwa furaha kwa sababu Bwana anakuja kuihukumu nchi. Sisi tumezoea kuhubiriwa hukumu kwa kutishwa tu, lakini mwenye zaburi anaipokea kwa shangwe. Aliyedhulumiwa, asiye na wakili wala ndugu ofisini, atategemea nini kama hakuna Hakimu asiyekula rushwa?

Ila Baba, naomba unisikilize kwa upendo. Nabii Amosi, akiwahubiria Waisraeli, alianza kwa kutaja dhambi za majirani zao: Dameski, Gaza na Tiro. Naamini Waisraeli walikuwa wakiitikia amina kila mji ulipotajwa. Halafu akafika Yuda, halafu Israeli wenyewe: mnawauza wenye haki kwa fedha, na maskini kwa jozi ya viatu. Petro naye, alipoandika kwamba hukumu inaanza katika nyumba ya Mungu, aliwaandikia Wakristo wanaoteswa, si watesi wao. Kuonewa hakukuwaondoa mbele ya Hakimu.

Mama, nisamehe kwa kulitaja uliloniambia simuni. Wale akina mama waliochimba viazi hawajalipwa mpaka leo, eti kwa sababu lumbesa imetutia hasara. Kwenye picha mliyonitumia nilimwona mmoja ameinama na jembe kwenye ukungu, mtoto mgongoni, kanga imelowa mpaka magotini. Yakobo anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Hakuongeza kwamba tajiri akidhulumiwa sokoni naye anaruhusiwa kuzuia. Hilo linanitisha kwa ajili yetu, Baba, kuliko linavyonitisha kwa ajili ya mnunuzi, maana sisi tunamjua Bwana na jina lake tunalitaja kila asubuhi mezani.

Leo nimetuma fedha kidogo kwenye simu ya Mama. Si za mbolea. Wewe ni mzee wa kanisa, na Jumapili ya Meza ya Bwana imekaribia. Waiteni wale akina mama nyumbani, muwape haki yao yote mkononi, na muwaombe radhi kwa kuchelewa. Kama Kaka hatawapata wote kwa siku moja, aanze na yule mwenye mtoto.

Wasalimieni wote hapo nyumbani.

Binti yenu awapendaye