Risala ya Wanafunzi wa UKWATA (Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania) kwa Mgeni Rasmi Siku ya Mahafali, Bagamoyo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwalimu Mlezi, watumishi wa Mungu, wazazi na wageni waalikwa, Bwana Yesu asifiwe!

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kufika wewe mwenyewe. Tumezoea wawakilishi.

Historia tutaipitia mbio. Mji huu uliwapokea wamisionari wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na ng'ambo ya bahari, kule Unguja, Askofu Edward Steere akafanya kazi iliyotupatia Agano Jipya la Kiswahili. Tawi letu ni changa kuliko hayo, lakini mafanikio ni makubwa. Kwaya imehudumu hadi Kiromo. Tumefanya mkutano mkubwa wa injili Kaole, na watu walijaa, watoto wakiwemo. Mfuko wa tawi una akiba, ingawa mhazini ameomba tusitaje kiasi.

Mheshimiwa, hitaji letu ni Biblia.

Wanachama ni 62, Biblia ni tatu. Moja inaanzia Mwanzo sura ya saba, gharika imeshafika. Nyingine haina Ufunuo. Ile nzima inakwenda kwa zamu, na anayeipata usiku hupewa dakika chache kabla taa hazijazimwa bwenini. Mwenzetu wa kidato cha kwanza amechoka kungoja, sasa anainakili Injili ya Marko kwenye daftari la hesabu. Amefika sura ya tisa. Nabii Amosi alitabiri njaa ambayo si ya chakula, na kiu ambayo si ya maji, bali ya kusikia maneno ya Bwana. Sisi tukimsoma Amosi hatuhitaji mhubiri wa kutufafanulia.

Tunaambiwa Biblia siku hizi ipo kwenye simu. Ni kweli, Mheshimiwa, ila simu ikikutwa shuleni kwetu mwenye nayo anarudi nyumbani.

Kwa heshima na taadhima, ombi hili si geni. Mgeni rasmi aliyekutangulia alisimama hapo hapo, akaahidi Biblia 50, tukapiga vigelegele. Tulipofuatilia tukajibiwa ziko njiani. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa hakufiki kilomita 80. Aliyemtangulia yeye aliahidi pia, nasi tulipokea kalenda, tukashukuru. Hatumlaumu mtu, na wote wawili tunawaombea.

Kwa hiyo tunaomba Biblia 40 za toleo la Union, lile la mwaka 1952 ambalo makanisa yetu yanasoma ibadani. Arobaini zikiwa nzito, leta ishirini tutasoma watatu watatu, au hata kumi. Tunachoomba zaidi ya idadi ni tarehe. Katibu wetu amekaa mstari wa mbele na daftari la ahadi pamoja na kalamu, naye ameelekezwa asiketi tena mpaka umemwandikia siku.

Tunaomba kuwasilisha.