Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam: taka zetu ni mbichi

Ndugu Mkurugenzi,

Juzi jioni nilifanya utoto. Nilichota taka kwenye ndoo yetu ya jikoni, maganda ya ndizi, machicha ya nazi, mashina ya mchicha na kipande cha ugali kilicholowa, nikazimwaga juu ya jiko lenye mkaa uliokolea. Zilichemka, zikafuka moshi, moto ukafa. Mama watoto alinisema kwa kumharibia mkaa, na kweli nilistahili.

Nakuandikia kwa sababu kila mjadala wa taka ukipamba moto hapa mjini, haukosi mtu wa kusema: tununue mtambo, tuchome, tupate umeme. Addis Ababa walinunua. Machi 2017 dampo lao la Koshe liliporomoka na kuua zaidi ya watu 110; mwaka uliofuata ukazinduliwa pale pale mtambo wa Reppie, uliosanifiwa kuchoma tani 1,400 kwa siku. Umekuwa ukisuasua. Taka zao, kama zetu, zimejaa mabaki ya chakula, na tanuri sharti likaushe maji kwanza ndipo lipate joto la kuuza. Hata likiwaka vizuri, hubaki majivu, karibu robo ya uzito. Hayo nayo yanataka dampo.

Na madampo tunayajua. Wakazi wa Tabata walikwenda mahakamani mwaka 1988 kupinga dampo la mtaani kwao, wakashinda. Wa Kunduchi Mtongani nao wakashinda kesi yao ya 1991. Malori yakahamia Vingunguti, Mtoni, na sasa Pugu Kinyamwezi, na kutoka hapo hakuna pa kuhamia tena ila shamba la mtu mwingine.

Anza sokoni. Pale Ilala na Buguruni taka mbichi hazihitaji hata kuchambuliwa sana: ni majani ya kabichi, nyanya zilizooza, maganda ya mihogo. Zikiwekwa kando na plastiki tangu asubuhi, zinakwenda kuwa mboji, kama wenzetu wa Kinondoni wanavyofanya Mabwepande. Chupa na vyuma chakavu tayari vina wenyewe. Waokotaji hawakusubiri mradi.

Ombi langu ni moja. Kabla mkataba wowote wa mtambo haujasainiwa, pimeni unyevu wa taka za malori kumi, wakati wa masika, si kiangazi, na majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata zote.

Wako,
Mkazi wa Ukonga