Huo wako ni utafiti, tena wa kweli

Ndugu yangu,

Habari za siku, natumai mzima na tasnifu inasogea. Meseji yako nimeisoma, nikaiacha, nikairudia tena, ndo nikaona bora nikae nikuandikie barua kabisa maana kwenye simu ningekujibu nusunusu. Umesema yule mwenzako wa uhandisi kakwambia kukusanya masimulizi ya wazee kwa kinasa sauti siyo utafiti, eti utafiti ni kupima vitu, na tangu hapo ukikaa kuandika mkono unakuwa mzito. Limeniuma sana hilo. Na siyo kwa vile kakudharau wewe tu, ni kwamba hata fani yake mwenyewe anaionea, maana ukizichungulia hizi fani kwa ndani utakuta kila moja ina namna yake ya kumbana mtafiti asijidanganye, na hapo ndo utafiti ulipo, siyo kwenye rula wala kwenye koti jeupe.

Tuanze na huko kwa wapimaji, ambako hakuna anayebisha. Mawimbi ya uvutano, yaani mitetemo midogo sana ya anga lenyewe, yale aliyoyatabiri Einstein 1916, yalinaswa moja kwa moja kwa mara ya kwanza 14 Septemba 2015 na mitambo miwili ya LIGO, mradi uliojengwa kuyatafuta, kule Marekani, mmoja uko Louisiana na mwingine jimbo la Washington. Kila mtambo una mikono miwili ya kilomita 4, leza inakimbia ndani ya bomba lililotolewa hewa, na badiliko la urefu wanalolitafuta ni dogo kuliko upana wa protoni, chembe iliyo ndani ya atomi, kwa mamia ya mara. Sasa kitu kidogo hivyo utajuaje siyo mtikisiko wa kawaida tu, au siyo hamu yako inayokuonyesha unachotaka kukiona? Sikia walichofanya. Septemba 2010 watu wachache waliopewa kazi hiyo waliingiza ishara ya bandia kwenye data kwa siri, na wenzao mamia wakaichambua miezi na miezi, wakabishana, wakaandika makala nzima ikawa tayari kupelekwa kuchapishwa, mpaka Machi 2011 wakakusanyika na siri ikafunguliwa mbele yao wote kwamba hii tuliiweka sisi. Na walikuwa wanajua tangu mwanzo kuwa inaweza kuwa bandia! Wakakubali kufanya kazi yote hiyo ili wajue kama macho yao yanafanya kazi. Ndo maana ishara ya kweli ilipokuja 2015 swali la kwanza walilojiuliza ni kama kuna mtu kaiweka tena. Mimi hilo ndo linanifanya niwaamini kuliko hata ukubwa wa mtambo.

Haya, sasa njoo huku kwenu, maana nadhani huyu jamaa hajawahi kusikia habari ya Milman Parry. Huyu alikuwa mtaalamu wa Kigiriki cha kale, alikuwa anataka kujua tungo ndefu za Homer, yule mshairi wa Wagiriki wa kale, zilitungwaje, na badala ya kubaki maktaba akaenda Yugoslavia miaka ya 1930 kwa waimbaji wa tenzi ambao walikuwa bado wanaimba mambo ya vita na mashujaa, wengine hawajui kusoma wala kuandika. Alienda na mashine ya kurekodi kwenye sahani za alumini, yenye sehemu mbili za kuzungushia sahani, ili moja ikijaa nyingine inapokea na wimbo usikatike katikati. Akawarekodi watu wakiimba wimbo uleule zaidi ya mara moja. Waimbaji wanakwambia nimeimba neno kwa neno kama mwanzo, tena wanaamini kabisa, lakini ukilinganisha rekodi unakuta siyo hivyo, kumbe wanatunga palepale kwa mafungu ya maneno waliyoyazoea. Na kuna jaribio moja ninalipenda mno. 1935 walimkalisha mwimbaji mmoja hodari anaitwa Avdo Međedović asikilize mwimbaji mwingine akiimba wimbo ambao yeye hajawahi kuusikia, mistari 2,294. Ulipoisha wakamwomba na yeye auimbe. Akauimba, hadithi ni ileile, lakini kafikisha mistari 6,313, kaongeza mapambo, kaongeza yaliyomo mioyoni mwa wahusika, na hapo kausikia mara moja tu!

Niambie hilo siyo jaribio? Kuna kitu kimoja kimebadilishwa, ambacho ni mwimbaji, vingine vimeachwa vilevile, kuna rekodi ambayo mtu yeyote anaweza kuirudia akasikiliza mwenyewe, na kuna jibu ambalo lingeweza kuja kinyume. Angeimba mistari ileile 2,294 kama kasuku basi nadharia ya Parry ingekuwa hoi. Parry alifariki mwaka huohuo wa 1935 akiwa bado kijana, mwanafunzi wake Albert Lord ndo akaiendeleza kazi, na leo huwezi kuzungumzia fasihi simulizi popote bila kuwagusa hao wawili.

Uhandisi nao una adabu yake, na ninaiheshimu. Kwao jibu linakuja kwa chuma kubeba au kuvunjika. Daraja la Tacoma Narrows kule Marekani lilifunguliwa Julai 1940, na 7 Novemba mwaka huohuo likajipinda likaanguka kwa upepo wa kama kilomita 64 kwa saa tu, wala siyo kimbunga. Waliolisanifu walipiga hesabu ya upepo unaosukuma daraja kwa ubavu, hawakuhesabu jinsi sakafu nyembamba inayonesa inavyoweza kuuchota upepo wenyewe na kuugeuza mtikisiko unaokua na kukua. Baada ya pale kupima mfano mdogo wa daraja kwenye handaki la upepo, yaani njia iliyofunikwa ambamo upepo unapulizwa kwa mashine, ikawa ndo desturi kwa madaraja marefu, na lililojengwa badala yake, lile la 1950, lilipitishwa huko kwanza. Kinachonivutia ni kwamba daraja jipya lilisimama imara wakati maelezo ya kwa nini la zamani lilianguka bado yanabishaniwa, kiasi kwamba 1991 watafiti wawili, Billah na Scanlan, waliandika makala kusema vitabu vingi vya fizikia vinalieleza vibaya. Mhandisi anaweza kupata jibu linalofanya kazi kabla mwanafizikia hajaridhika na sababu, na wote wawili wako kazini kihalali.

Na kama utafiti ni kupima, muulize hisabati ataiweka wapi, maana huko hakuna kinachopimwa hata kidogo. Andrew Wiles alitangaza 1993 kwamba ameithibitisha kauli ya Fermat, fumbo maarufu la hisabati lililowashinda watu kwa karne nyingi, baada ya miaka ya kujifungia, wakaguzi wakakuta pengo, ikabidi arudi mezani akisaidiwa na Richard Taylor mpaka likazibwa 1994. Hakuna aliyesema basi iko karibukaribu tuikubali. Muda nao kila fani na wake, kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, shamba la ngano la Broadbalk linajaribiwa tangu 1843, na sampuli za zamani walizozihifadhi zimekuja kuchunguzwa kwa DNA, jambo ambalo walioanza wasingeweza hata kuliwaza.

Lakini mfano ambao ningependa umsomee huyo mwenzako taratibu ni magombo, yaani vitabu vya kale vilivyoviringishwa kama mkeka, ya Herculaneum, mji wa kale wa Kirumi kule Italia. Volkano ya Vesuvius ilipolipuka mwaka 79 ilifunika jumba lenye mamia ya magombo ya mafunjo, yaani karatasi za kale za matete, yakawa mkaa, yakafukuliwa miaka ya 1750, na mengi waliyojaribu kuyafungua yakavunjika mikononi. Wahandisi wa kompyuta wakiongozwa na Brent Seales wakatumia miaka mingi kutafuta namna ya kuyasoma bila kuyafungua, unapiga eksirei pande zote halafu unalikunjua gombo ndani ya kompyuta. Tatizo, wino wenyewe ni wa masizi na gombo limekuwa mkaa, kwa eksirei ni kitu kimoja. Mtu mmoja akakodolea macho zile picha kwa muda mrefu hadi akaona pale penye wino pana mipasuko midogo tofauti na kwingine, basi mwanafunzi wa miaka 21, Luke Farritor, akaifundisha programu kuitafuta hiyo mipasuko, na Oktoba 2023 likatangazwa neno la kwanza, la Kigiriki, lenye maana ya zambarau.

Sasa angalia walivyojibana. Programu walioitengeneza walihakikisha kila mara inaangalia kipande kidogo sana, kidogo kuliko herufi nzima, ili isije ikajitungia herufi za Kigiriki yenyewe. Halafu matokeo yakaenda kwa wasomaji wa mafunjo, hawa ni watu wa sanaa kabisa, wa lugha na historia, na wao wana utaratibu wao, herufi wasiyokuwa na uhakika nayo wanaweka nukta chini yake. Ukifungua chapisho lao utaona nukta zimejaa. Kwangu mimi kile kinukta na ile ishara ya bandia ya LIGO ni ndugu kabisa. Na bila hao wa lugha zile picha zingebaki madoa tu, hakuna mhandisi hata mmoja ambaye angejua gombo linazungumzia raha, muziki na chakula.

Kwa hiyo kwenye sura yako ya mbinu usiandike kinyonge, na wala usikope maneno ya watu wa maabara ili uonekane. Andika ulichofanya. Wazee umewapataje, nani alikuwepo wakati wanasimulia, umeuliza swali gani na kwa maneno gani, wapi sauti haisikiki vizuri na umeweka alama gani hapo. Halafu kama ratiba inaruhusu, mrudie hata msimulizi mmoja baada ya wiki kadhaa, mwombe asimulie kisa kilekile, ikiwezekana kwa wasikilizaji wengine, na usimwambie unatafuta nini, halafu ziweke rekodi mbili pamoja ulinganishe sentensi kwa sentensi. Ikija tofauti na ulivyotarajia iweke humohumo kwenye tasnifu.

Nitumie hiyo sura ikiwa mbichi hivyohivyo, usisubiri mpaka uisafishe, nitaisoma yote na nitakuandikia pembeni kila ninapokwama. Na rekodi zako tafadhali weka nakala sehemu mbili tofauti, usiziache kwenye kompyuta moja.

Wako daima.