YAH: Ile habari yenu ya vibali vya ardhi oevu

Mhariri,

Nawasoma tangu nihamie huku Houston na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, ila ile habari yenu ya kulegezwa kwa kanuni za ardhi oevu, yaani mabonde yenye majimaji, imenikera. Mmeiandika kama vile ni mambo ya mafaili tu, wajenzi watapunguziwa makaratasi, basi. Sisi tunaokaa upande wa chini je?

Kesi yenyewe mnaijua, yule bwana na mkewe wa Idaho walioanza kumwaga kifusi kwenye kiwanja chao karibu na ziwa mwaka 2007, wakaburuzana na serikali mpaka Mahakama ya Juu na 2023 wakashinda. Toka hapo sheria ya maji ya 1972, ile inayodai kibali kabla ya kufukia, inailinda ardhi oevu kama tu maji yake yameungana juu kwa juu na mto au ziwa. Yakipita chini kwa chini hayahesabiki, eti. Novemba 2025 EPA, wakala wa mazingira wa serikali ya Marekani, na wahandisi wa jeshi wakaleta pendekezo la kupunguza zaidi ardhi inayolindwa.

Sasa nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na bonde chepechepe, magugu tu na vyura, usiku wanapiga kelele mpaka mama mkwe alivyokuja kututembelea akauliza kwani mmenunua nyumba mtoni? Lakini ile gharika ya kimbunga Harvey 2017 maji yalifika ngazi ya mlango yakagoma hapo hapo. Mwaka juzi yakaja malori, wiki tatu mfululizo yanamwaga udongo, bonde likawa kiwanja cha nyumba kama sahani, nikafunga safari mpaka ofisi moja hivi kuuliza kibali kiko wapi, kijana akanigeuzia kompyuta, akaweka kidole kwenye ramani, ona mzee, hapa na mtoni hapajaungana, hakuna kibali kinachotakiwa. Sasa hivi mvua ya jioni tu, ambayo kwetu Tanga hata nguo huanui, gereji inajaa mpaka kwenye vifundo vya miguu, nimetupa magunia mawili ya mchele na friza na zulia la harusi, na bima ya nyumba kumbe hailipi mafuriko, hiyo ni bima nyingine unakata kivyake, nani alituambia? Na hao hao EPA wameandika wenyewe kwamba eka moja ya ardhi oevu inaweza kushika galoni milioni moja na zaidi. Sasa hizo galoni zimehamia kwangu, na ndoo nachota mimi.

Halafu chama cha wakazi wa mtaa. Mke wangu kapanda mchicha mbele ya nyumba, matuta mawili tu, barua ikaja ndani ya siku nne na faini juu, eti hatukuomba ruhusa. Mchicha! Malori wiki tatu hawakuyaona.

Pendekezo langu ni dogo. Walioandika hizo kanuni waje walale gerejini kwangu usiku mmoja wa mvua, wawili wawili, zamu ianze saa nne. Mkeka nitatoa mimi. Ndoo zipo mbili, ila ile nyekundu imetoboka.

Msomaji wenu, Houston, Texas