Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kwa heshima nawasilisha taarifa ya chama chetu cha mafundi seremala kwa mwaka unaoisha. Darasa la kuunga mbao liliendelea, mikutano ilifanyika isipokuwa miwili nitakayoitaja, na ziara ya Hancock, hapa hapa Massachusetts, kuona zizi la mviringo la mawe ambalo Washaker, dhehebu la Kikristo lililoishi kijumuiya, walilijenga mwaka 1826 kwa ajili ya ng'ombe 52, ilifana. Waliobaki nyumbani wamekwisha kuziona picha.

Linalonilazimu kusema kwa urefu ni rangi ya buluu. Tulipokubaliana kutengeneza mfano mdogo wa nyumba ya ibada ya Sabbathday Lake kule Maine, iliyojengwa mwaka 1794 na fundi Moses Johnson, wanachama kadhaa walitaka mbao za ndani zipakwe vanishi tu, kwa hoja kwamba Washaker walikuwa watu wa kiasi. Niliamua vingine, na nje ya kikao nikasikia kwamba nimetumia mabavu na kufuja dola 140. Rangi hiyo sikuibuni mimi. Sheria zao za mwaka 1845, zile zile zilizokataza nakshi za urembo mtupu, ziliagiza nyumba ya ibada iwe nyeupe nje na ya kibuluu ndani, na mbao za jengo hilo la Maine zina buluu hadi leo. Walioipinga walikuwa tisa; waliofika siku ya kupaka walikuwa wawili.

Milango miwili nayo ilisemwa kuwa gharama ya bure. Washaker hawakuoa wala kuolewa. Wanaume waliingia kwa mlango wao na wanawake kwa wao, hivyo anayeziba mmoja amelifuta fundisho lao kwenye jengo. Ukumbi hauna nguzo kwa sababu walisali kwa kucheza, na mzigo wa juu hubebwa na mihimili inayovuka kutoka ukuta hadi ukuta. Vigingi vya ukutani, ambavyo wao walivitumia kutundika hata viti ili wafagie sakafu yote, na ambavyo wageni wa maonyesho walivisifu kuliko kitu kingine, nilivichonga mwenyewe usiku bila malipo, ingawa kumbukumbu za katibu hazikulitaja hilo.

Mapato yalikuwa dola 2,150, matumizi dola 2,310. Kabla ya kuilaumu rangi, wanachama wakumbuke kwamba kati yetu 46 waliolipa ada ni 19, na kwamba mikutano ile miwili iliahirishwa kwa kukosa akidi, huku mimi na mweka hazina tukiwa tumekwisha kupanga viti.

Mungu akijalia, tunatarajia siku moja kufika Pleasant Hill, kijiji cha Washaker kule Kentucky, kuziona ngazi pacha za kuzunguka za fundi Micajah Burnett, kadiri hali ya mfuko itakavyoruhusu. Mweka hazina atapokea ada mlangoni leo, kabla ya chai.