Barua kwa somo yangu, juu ya mashua ya mjomba

Ipagala, Dodoma
Septemba 14

Somo yangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, mama watoto mzima, wanao wanasoma, na upepo wa Dodoma mwezi huu unatumwagia vumbi mpaka ndani ya chai. Hofu ni kwenu huko Pangani. Nilikuja kwenye arubaini ya mjomba nikakukosa. Shemeji akaniambia uko dago, kambi ya uvuvi, na siku ya kurudi haijulikani. Ningekupigia simu, lakini jambo lenyewe ni refu na wewe ukiwa juu ya maji simu hukatika kabla hatujamaliza salamu. Basi nimeona niandike, usome umetulia.

Ni habari ya mashua.

Usiku baada ya hitima, binti za mjomba waliniita ndani. Wakasema wao hawaendi baharini, waume zao hawaendi baharini, na mashua iko kwenye mikoko upande wa Bweni, mwaka wa tano huu tangu nyonga za baba yao zimkataze kupanda chomboni. Na kuna mtu amekuja na bei. Yeye hataki chombo, anataka mbao. Hupasua vyombo vikuukuu akatengeneza meza na vitanda vya kuwauzia wenye mahoteli. Wakaniambia, "Kaka, wewe ndiye fundi mbao wa ukoo. Kaitazame. Utakalosema ndilo."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikavuka kwa pantoni, nikampitia yule mzee fundi wa vyombo, yule aliyekuwa akitufukuza tulipokuwa tukimwagiana maranda barazani kwake. Macho yamepungua nguvu lakini mikono bado ni ileile. Ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa sana na kupwa sana, na maji yamekupwa mbali, tukaenda kwa miguu juu ya tope.

Somo, nilipoiona niliumia. Imelalia ubavu wa kushoto, rangi imebabuka yote, na jina ambalo mjomba aliliandika kwa mkono wake, HASIDI HANA SABABU, limebaki neno la mwisho tu. Ndani ya ngama, kule chini maji yanakojikusanya, maji ya mvua yamesimama, yamejaa viluwiluwi, na kwenye udongo uliojikusanya karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo, umeota mnyonyo unaonifika kiunoni. Nikamwambia mzee, hapa hakuna kitu. Hakunijibu. Alichomoa kisu chake kidogo akaanza kuchoma ubao mmoja mmoja kutoka juu kwenda chini, taratibu, kama daktari anayemgusa mgonjwa tumboni akiuliza hapa vipi, hapa vipi.

Mbao za juu kabisa, kisu kiliingia mpaka kwenye mpini kama kinachoingia kwenye papai bivu. Za katikati kiliingia nusu. Za chini, zile zinazolowa kila bamvua, kiligota. Mzee akasema, "Bahari haikumla huyu. Mvua ndiyo iliyomla." Na ndivyo ilivyo, maji ya chumvi huhifadhi mti, maji matamu ndiyo yanayouozesha. Mashua iliyoachwa wazi bila kufunikwa inakusanya mvua ya vuli na ya masika, inakaa nayo miezi, inaoza kutoka ndani huku nje ukiiona nzima. Laiti yeyote kati yetu angeitupia makuti juu, kazi hii ingekuwa nusu yake. Hilo tulibebe sote wawili, mimi kwa kuwa mbali na wewe kwa kuwa karibu.

Mimi nilitegemea chini ndiko kubaya kwa sababu ya yule mla mbao wa baharini. Watu humwita mdudu, lakini ni jamii ya chaza, mwili mrefu kama mnyoo. Kwa nje unaona tundu dogo la sindano. Ukipasua ubao unakuta njia nene kama kidole, zimepakwa chokaa nyeupe ndani, na ubao wote umekuwa kama sega la nyuki. Tulipasua kipande kimoja kwa majaribio. Njia zipo, lakini chache, za zamani. Nikakumbuka jinsi mjomba alivyokuwa haruki zamu: mashua inapwelezwa, inachomwa chini kwa mienge ya makuti makavu, halafu inapakwa deheni. Unaikumbuka harufu ile ya shahamu na chokaa vikiyeyuka kwenye sufuria, na sisi tukipewa kazi ya kukoroga tukiwa tumeziba pua? Deheni ile ndiyo iliyotuachia mbao hizi za chini.

Kisha tukafika kwenye mkuku, uti wa mgongo wa chombo, na hapa ndipo nataka usome polepole.

Mzee alifunga uzi wa mshipi kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi, akauvuta mpaka ukawa unalia. Akaniinamisha nitazame. Chombo kikikaa miaka kimeegemea kisiki katikati, huku omo na tezi vinaning'inia, mgongo huinuka kama wa paka, na mgongo ukishavunjika hakuna fundi wa kuunyoosha. Unaweza kubadilisha mbao zote juu yake na bado chombo kitakwenda upande. Kati ya uzi na mkuku, pale palipopinda zaidi, vilipita vidole vyangu viwili. Viwili tu, kwa urefu wa futi 30. Akachukua nyundo akagonga kuanzia omo: ngo, ngo, ngo. Mahali pa kusimamisha mlingoti, pu. Akarudia, pu. Halafu ngo tena mpaka kwenye fashini, mti unaosimama mwisho wa tezi. Akakaa chini kwenye tope akacheka kidogo. Mkuku ni wa mbambakofi, na umeoza mahali pamoja tu, pale mvua ilipokuwa ikiteremka kwenye tundu la mlingoti na kutuama. Panaweza kuchongwa na kupachikwa kipande.

Mambo mengine hayafurahishi, nakuambia bila kuficha. Misumari imekwisha. Niling'oa mmoja kwa vidole, bila koleo: kichwa kizima, ncha nzima, katikati umekuwa mwembamba kama kiuno cha nyigu, pale ubao unapokutana na taruma, yaani ubavu wa chombo. Mbao zinazouzunguka zimekuwa nyeusi. Kwa hiyo hata ubao mzima utashikwa na nini? Mataruma 9 ni ya kutupa. Mbao 14 za kubadilisha, na hiyo ni hesabu ya mzee ambaye hapendi kutupa kitu. Foromali, boriti inayobeba tanga, imeliwa na mchwa. Tanga, panya wamezalia humo. Mlingoti tu ndio ulionusurika, maana mjomba aliuhifadhi mwenyewe chini ya paa.

Kwa mbao, misumari, pamba na mafuta ya kukalafatia, yaani kuziba mianya ya mbao, pamoja na ujira wa mafundi, mzee alitaja shilingi milioni 7, na tanga bado. Mnunuzi wa meza anatoa milioni 1 na laki 2, taslimu, na kuibeba anaibeba mwenyewe.

Nimerudi Dodoma na hesabu hiyo kichwani kwa wiki nne. Mimi ni seremala, najua meza ngapi zinatoka mle na najua zinauzwa kiasi gani, ningeweza hata kuzitengeneza mwenyewe. Nikijaribu kufikiri hivyo mkono unakataa. Jirani yangu hapa, Mgogo anayefanya biashara ya samaki wa Mtera, aliniambia, kwa nini usiipakie kwenye lori ukaileta bwawani, njia ya Iringa hiyo hapo, utakuwa unaiona kila mwezi. Ana nia njema, lakini bwawa la Mtera ni maji matamu, mbao hizi zimezoea chumvi, na safari yenyewe juu ya lori ingemaliza kile kidogo kilichobaki cha mgongo ule. Tena chombo kile kilichongwa kwa kusi na kaskazi.

Wazo lingine lilikuwa kuitengeneza ikae tu, iwe ukumbusho wa mjomba. Hilo nalo nimelikataa. Nilikwenda Unguja zamani nikauona ule mtepe, chombo cha tanga cha kale, uliojengwa mwaka 2003 na kuwekwa ndani ya jumba la makumbusho la Beit al Ajaib, umeshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, ufundi wa kukufanya uvue kofia. Ni vizuri uliwekwa ili watu wajue. Mashua ya mjomba si ya namna hiyo. Ikikaa nchi kavu mbao zinanywea, viungo vinaachana, mvua inaingia, tunarudi tulipo. Hapa Dodoma naliona hilo kila mwaka: mlango wa mninga ninaoufunga mwezi wa pili umekaza, mwezi wa tisa unapitisha kiganja. Mbao haitulii. Ya chombo inataka kulowa, kupwelezwa, kupakwa, kulowa tena, na mtu wa kuitazama kila siku. Mjomba alikuwa akisema tezi na omo marejeo ni ngamani, na mimi kila ninapoanza hesabu hii narudi ngamani: nani atakuwa anafua maji, kuyachota na kuyamwaga nje?

Si mimi. Kutoka hapa mpaka kwenu, Morogoro, Chalinze, Segera, Muheza, ni siku nzima ndani ya basi. Mwenye chombo wa siku nzima ya basi si mwenye chombo.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, somo, na nakuuliza kwa dhati. Utaichukua?

Nimezungumza na binti za mjomba kwa simu juzi, wameridhia. Mimi nitatoa mbao. Nina mvule niliouweka miaka mitatu kwa milango ya nyumba yangu. Nyumba itavumilia milango ya paina ya Mufindi kama nyumba nyingine za mtaa huu. Nitauleta mapema, ukae kwenu kivulini miezi kadhaa kabla fundi hajaugusa. Ukichongwa na kupigiliwa na ukavu huu wa Dodoma, siku ya kushua utavimba kwa nguvu na kusukuma mataruma. Mataruma yenyewe lazima yatafutwe huko, mti uliojipinda wenyewe. Na ukifikiria mkoko kwa ajili ya foromali, twende kwanza kwa watu wa misitu tupate kibali, sitaki mashua ya mjomba ianze upya kwa kesi. Ukaguzi wa TASAC, wale wa serikali wanaosimamia vyombo vya majini, na leseni, hiyo iwe juu yangu. Fedha ya mafundi nitaitoa kwa mafungu, si kwa mara moja. Wewe utoe usimamizi na jasho. Ikishaanza kuvua, mgao uwe ule wa siku zote: mabaharia fungu lao, nahodha lako, na fungu la chombo liende kwa mabinti wale watatu. Mimi sitaki fungu.

Najua utaniambia siku hizi ni boti za faiba na mashine. Mwenye mashine anatangulia sokoni, wewe unafika bei imeshuka. Ni kweli, na siku za shwari utawaona wakikupita huku tanga limekulegea. Lakini nakumbuka pia ulivyonieleza mwaka jana, kwamba kwenye boti unayofanyia kazi petroli hukatwa kwanza kabla ya mgao, na kuna safari mlizorudi mkagawana madeni. Upepo haukati kitu. Na wewe unajua kuendesha tanga. Mjomba alikupa kana, mpini wa usukani, ukiwa na miaka kumi na mbili, mimi akanipa ndoo. Hakukosea.

Usiniambie ndiyo kwa ajili ya msiba wala kwa kunionea haya. Kama mwili umechoka, au shemeji hataki, au unaona biashara ya tanga imekwisha, niambie hapana, na sitakulaumu kabisa. Ikiwa hapana, basi tusiiache ioze mwaka wa sita. Nitawapa mabinti bei ileile ya mnunuzi, nitakuja na msumeno, na mbao nzima na ule mkuku tutawapa mafundi wa Bweni wazitie kwenye vyombo vingine. Hiyo nayo ni njia ya chombo kurudi baharini, na moyo wangu utaridhika nayo kuliko meza.

Mzee fundi anasema kazi akianza mwezi wa kwanza anaimaliza, baada ya hapo hajui afya yake. Vijana wawili wanamsaidia, mmoja mkono wake mzuri sana, nilimwona akikalafati dau: anasokota pamba iliyolowa mafuta ya nazi kwenye paja, anaishindilia kwa patasi butu, ubao hauoni hata alama. Ningependa kijana yule aujue mkuku huu mzee akiwa bado yupo wa kumwelekeza.

Jibu lako sitaki leo. Kavuke kwanza ukaitazame mwenyewe. Bamvua ijayo nenda na nyundo, gonga mahali pa mlingoti usikie ile pu kwa masikio yako, halafu gonga kwingine kote. Na hata kabla hujaamua, nakuomba mambo matatu kwa sababu vuli inakaribia: fua maji yote yaliyomo ngamani na ung'oe ule mnyonyo, weka magogo chini ya omo na tezi ili mgongo usizidi kupinda, na ufunike yote kwa makuti, ukiacha upenyo wa hewa pande zote mbili. Fedha ya makuti nimemtumia shemeji kwenye simu leo asubuhi.

Nisalimie watoto, na mama mkubwa mwambie dawa yake ya mgongo nimeipata, nitaituma na basi la Jumatano.

Ni mimi,
Somo yako